Kionjo cha Togwa

Kahawa haina dini. Ikiiva imeiva, haijui kama mwenye shamba amelala, amefiwa au ameokoka. Inakaa juu ya mti siku chache ikiwa nyekundu, kisha inasinyaa, inakauka, inaanguka, na anayeiokota chini anauza mabuni kwa bei ya kuonewa huruma. Kila mtu wa Mbozi analijua hilo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Asiyelijua alikuwa Mzee Maduhu, na bahati mbaya yeye ndiye aliyekuwa ametoa ahadi.

Usihangaike kutafuta mvi. Mzee Maduhu alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, Msukuma wa Magu, mrefu kama nguzo ya simu, shati jeupe, tai nyeusi, na kibao kifuani chenye jina lake na la kanisa lake, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Katika kanisa hilo mmisionari wa kiume huitwa Mzee, hata kama ndevu bado zinamkwepa. Watu wa mtaani walikata maneno wakawaita Wamomoni. Alikuwa ametumwa Tunduma, na kwa kuwa hawa hawatembei mmoja mmoja, mwenzake alikuwa Mzee Watson, kijana wa Kitwe, Zambia, mfupi, mcheshi, ambaye Kiswahili alikuwa bado anakikamata kwa mkia.

Asubuhi hiyo ya Julai, siku ambazo Mbozi bado ilihesabiwa mkoa wa Mbeya, wawili hao walikuwa wameshuka kwenye kosta ya kwanza pale Mlowo na kupanda kilima hadi kwa Abrahamu na mkewe Atupele. Atupele alikuwa amekwisha kupika sufuria mbili kubwa za maharage. Vikapu vilikuwa vimepangwa ukutani. Jua likapanda, ukungu ukaisha, maharage yakaanza kupoa. Hakuna aliyekuja.

Abrahamu alikuwa barazani, amekalia kiti, mguu wenye hogo la plasta umenyooshwa juu ya kigoda. Pikipiki ilikuwa imemwangusha mwezi uliopita.

"Wako wapi?" akauliza.

"Watakuja, baba," Maduhu akajibu.

"Kwamba watakuja ulikwisha kuniambia. Nakuuliza wako wapi."

Maduhu akatazama njia. Njiani kulikuwa na kuku.

Katika kijiji hicho hakuna nyumba inayochuma kahawa peke yake. Kila nyumba ina zamu. Mwenye zamu anapika kimpumu, pombe ya ulezi, anaalika. Watu wanachuma tangu alfajiri, na jua likipoa wanakaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, wanakunywa na kusutana hadi giza. Juma linalofuata ni zamu ya mwingine. Na katika wapikaji wote wa kimpumu, Atupele alikuwa na jina. Hata waliokosa zamu za ndugu zao, yake hawakuikosa.

Sasa huyo Atupele ndiye aliyekutana na vijana wa tai sokoni Tunduma, alikokwenda kuuza ndizi, akawasikiliza, akawaalika nyumbani, akakisoma kitabu chao mpaka kurasa zikalegea. Majuma matatu yaliyopita alikubali kubatizwa. Alikubali pia kuacha pombe, kunywa na kupika. Swali lake lilikuwa moja tu: "Na kahawa, nani atachuma?"

Hapo ndipo Maduhu alipojikwaa. Alikuwa katika utumishi zaidi ya mwaka, amebisha hodi kwenye milango isiyo na idadi, na waliobatizwa kwa mkono wake wangeenea kwenye benchi moja. Moyo ulikuwa na njaa. Akasema, "Mama, nakuahidi kwa jina la Bwana, Mungu atawaleta watu. Wewe waite tu." Hakuna sauti iliyomtuma kusema hivyo. Alilitaka jambo hilo liwe, na kwa kulitaka sana akadhani ameahidiwa.

"Sogeeni hapa," Abrahamu akasema. Wakasogea, na Atupele akasimama mlangoni, mikono ndani ya kanga. "Mimi sikuoa roho ya mke wangu. Roho ni ya Mungu, aipeleke anakotaka. Lakini kahawa ni yangu, na ndani ya kahawa hiyo mna ada ya mtoto. Goodness yuko bweni, anasubiri. Sasa sikilizeni. Kahawa ikitoka shambani, mama huyu aende kwenye maji yenu, mkitaka mumchovye hata mara tatu. Ikiozea mtini, nyie wawili msikanyage tena hapa, na yeye anarudi kwenye chungu chake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba," Maduhu akasema.

"Na hayo maharage kuleni. Msiyaache yaharibike nayo."

Waliingia shambani watatu. Atupele alichuma kwa mikono miwili bila kutazama, kama mtu anayesuka nywele. Watson alichuma moja moja. Maduhu alishika tawi kwa nguvu na kulivuta kuanzia juu hadi chini. Nyekundu, kijani, majani, vyote vikaingia kikapuni.

"We mwanangu, unakamua?" Atupele akamwuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Huyu si ng'ombe. Ukivuta na kikonyo chake, mwakani tawi hilo halizai. Shika tunda lililoiva, zungusha. Hivi. Liache la kijani likue."

Kicheko hakikukaa. Akainama tena kwenye mti wake.

"Nilipita kila nyumba," akasema taratibu. "Wote wameniambia tutakuja, Mama Goodness, tutakuja. Nimezaliwa na watu hawa, mwanangu. Nilipofiwa na mama yangu walilala kwangu siku zote za matanga. Leo wananipita kama bango la barabarani."

Maduhu alitaka kumwambia neno la kumtia moyo. Alikuwa nayo mengi, yamepangwa vizuri, yenye sura na aya. Akayaangalia yote na hakuona hata moja la kumpa, akaendelea kuchuma. Hadi alasiri walikuwa wamemaliza miti ya mstari mmoja na nusu, na mistari mingine yote ilikuwa inawaka nyekundu mpaka bondeni.

*

Msimamizi wa zamu alikuwa Nikodemo, jirani wa upande wa chini, mtu mkavu wa maneno na wa mwili. Maduhu na Watson walimkuta anazungusha mashine ya mkono ya kukoboa kahawa, maganda yakirukia miguuni mwake. Hakuacha kazi. Mkewe, Tulinagwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani, alichungulia dirishani, akawaona, akafunga dirisha.

"Mwapoleni mukwai," Watson akasalimia kwa Kibemba chake. Nikodemo alikuwa mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ujanani, akaitikia.

"Baba, tumekuja kuuliza," Maduhu akasema. "Watu wamemkasirikia Mama Goodness kwa sababu ya dini?"

"Dini?" Nikodemo akasimamisha mashine. "Hapa kuna Wamoraviani, kuna Wakatoliki, kuna wa maombezi wanaokesha wakipiga kelele mpaka ng'ombe wanakosa usingizi. Nani amkasirikie mtu kwa dini? Kwani yeye ametualika?"

"Amewaalika. Alipita kila nyumba."

"Alipita akatusalimia." Nikodemo akajifuta mikono kwenye suruali. "Kijana, wewe si wa huku, nitakueleza. Mtu anayetaka watu, siku moja kabla analeta kionjo. Mama mwenye nyumba anabeba kibuyu, anapita nyumba kwa nyumba, anapiga magoti, anaonja yeye kwanza, halafu anakupa. Ukipokea, umekwisha kukubali, hata ukiamka na homa utakwenda. Atupele amekuja mikono mitupu anasema njooni, kuna maharage. Maharage hata kwangu yapo."

"Basi shida ni pombe."

Nikodemo akamtazama, na macho yake hayakuwa na ukali, yalikuwa na uchovu.

"Unaona? Ndivyo mnavyotufikiria. Mimi nina vidonda vya tumbo. Daktari alinikataza pombe Goodness akiwa anajifunza kutambaa. Zamu ya Atupele sijaikosa hata mwaka mmoja. Kibuyu kikija natia midomo tu, namrudishia. Nyumba isiyoleta kionjo imetuambia haituhitaji. Tukasema vyema, amepata watu wake wapya wenye viatu vinavyong'aa. Watachuma wao."

Maduhu aliona uso unamwaka. Ndani ya majuma yale matatu alikuwa amemfundisha mama wa watu nini cha kuweka chini, na hakuwahi kuuliza kitu hicho kilikuwa kimeshikilia nini. Aliwahesabu watu hawa wote kuwa walevi, na mbele yake alisimama mtu aliyekuwa akichuma miaka yote kwa ajili ya kibuyu alichokigusa tu kwa midomo.

"Baba, kionjo lazima kiwe pombe?"

"Sijaona kingine," Nikodemo akasema, akashika tena mpini wa mashine. "Lakini mimi si mungu wa vibuyu."

*

"Kwetu iko munkoyo," Watson akasema waliporudi barazani. "Ni tamu. Hailewesha. Hata kanisani watoto wanakunywa."

"Anasema togwa," Abrahamu akafafanua, na sauti yake ilikuwa na kicheko kilichofichwa.

Atupele akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Togwa! Mimi niende kwa Tulinagwe na kibuyu cha togwa? Togwa ni ya watoto na ya mzazi aliyejifungua jana. Mimi Atupele, niliyelewesha harusi nne kwa siku moja? Atanitangaza mpaka Vwawa. Bora kahawa ioze."

"Ikioza unajua tulichokubaliana," mumewe akasema.

"Najua! Lakini kibuyu hicho sibebi. Sibebi, Baba Goodness, naona haya."

Kisha Abrahamu akanyoosha kidole, taratibu, kama hakimu wa mahakama ya mwanzo, kumwelekea Maduhu.

"Aliyeahidi ndiye atabeba."

"Mimi?" Maduhu akashtuka. "Baba, hiyo si kazi ya wanawake?"

"Na kuahidi kwa jina la Mungu, hiyo ilikuwa kazi ya nani?"

Atupele akaingia ndani, na baada ya muda wakasikia anafungua pipa la kimea cha ulezi, kile alichokuwa amekiweka kwa ajili ya pombe asiyoipika tena. Uji angeupika kesho, angeutia kimea, na keshokutwa ungekuwa umepata utamu. "Inywewe siku hiyohiyo," akasema kutoka ndani, kwa hasira ya mtu aliyekubali. "Ikilala tena inakuwa pombe, na hilo litakuwa tatizo lenu, si langu."

Kwenye kosta ya kurudi Tunduma walikaa kiti cha nyuma. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamepanga foleni tangu nje ya mji, matandiboi wamelala chini ya matela. Watson alikuwa anakula mhindi wa kuchoma. Maduhu hakuwa na hamu.

"Nilidanganya," akasema.

"Hapana. Ulitumaini kwa sauti kubwa."

"Niliapa kwa jina la mwenye jina, naye hakunituma. Huko si kutumaini, Watson."

Watson akatafuna, akafikiri. "Basi umwambie pole mwenye jina."

Jioni, katika chumba chao nyuma ya soko, Maduhu alipiga magoti. Mama yake, Mbuke, aliwahi kumwambia siku anaondoka Magu: mwanangu, Mungu si ng'ombe, usimwongoze kwa fimbo. Maduhu alicheka siku ile. Maombi yake yote tangu afike yalikuwa marefu na ya kuelekeza: fungua mlango ule, lainisha moyo huu, leta watu watano kabla ya mwisho wa mwezi. Sasa akakaa muda mrefu bila neno, mpaka magoti yakaanza kuuma. "Nisamehe," akasema mwishowe. "Nimelitumia jina lako kama ni langu. Mimi niaibike, sawa. Mama yule asiaibike." Hakukuwa na la kuongeza. Akashangaa jinsi alivyopata usingizi.

*

Siku ya kionjo Maduhu alivua tai, akaitia mfukoni, kisha akaona huko ni kujificha, akaivaa tena. Kibuyu hakikukaa kichwani kwake. Akakikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Watson alifuata nyuma na vikombe.

Habari ilikimbia kuliko miguu yao. Kwenye kibanda cha kinyozi vijana walisimama kabisa ili waone vizuri.

"Shemeji! Umeolewa lini?"

"Mahari walitoa ng'ombe wangapi?"

"Muulize kama anajua kusonga ugali!"

Maduhu akapita, masikio yanawaka. Nyumba ya kwanza alipiga magoti mavumbini, suruali nyeusi ikageuka rangi ya njia, akajimiminia togwa, akanywa, akamimina nyingine, akainyanyua kwa mikono miwili. "Mama Goodness anawaalika kesho kuchuma." Mzee wa nyumba alimwangalia toka juu hadi chini, akauliza, "Leo huna mahubiri?" Akajibu, "Leo naomba tu, baba." Mzee akanywa, akacheka hadi akakohoa.

Si wote waliocheka. Nyumba ya tatu mtu alikipokea kikombe, akakiinamisha, akamwaga togwa yote chini polepole mbele ya magoti ya Maduhu, akamrudishia kikombe. "Kamwambie mama huyo kahawa yake tutaichuma akipona wazimu." Nyumba iliyofuata mlango ulifungwa, na ndani redio ikaongezwa sauti. Milango ya kufungwa Maduhu aliizoea, ndiyo kazi yake. Lakini siku zote alikuwa amebisha hodi akiwa mwenye kutoa. Aliyefunga alijinyima mwenyewe, naye Maduhu akaondoka kifua mbele. Leo alibisha akiwa mwenye shida, na mlango ulipofungwa uliuma mpaka machozi yakamlenga. Akafikiri: kumbe hivi ndivyo wanavyojisikia watu tunaowaambia wapige magoti.

Walipofika kwa Nikodemo, Tulinagwe alikuwa anaanika dengu. Alimwona kijana mrefu anapiga magoti uani kwake amekumbatia kibuyu, akashika kiuno, akacheka kicheko kilichowatoa kuku bandani. Alicheka, akajifuta macho kwa kanga, akatazama, akacheka tena.

"Jamani dunia! Na Atupele mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mama. Anaona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya togwa. Anasema ni kinywaji cha mtoto na mzazi."

Tulinagwe akachukua kikombe, akakitazama ndani, akanusa.

"Nilipomzaa Boazi maziwa yaligoma," akasema, na sauti ya mnadani ilikuwa imeshuka. "Mtoto analia, mimi nalia. Atupele alikuja na togwa kila asubuhi, mvua inanyesha, hajaitwa na mtu. Anaona haya kwangu mimi?" Akanywa yote mpaka chini. Hakusema atakuja. Alirudisha kikombe, akageukia dengu zake, na Maduhu akanyanyuka asijue amepata au amekosa.

*

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka barazani mti wa kwanza wa kahawa hauonekani. Atupele alikaa jikoni karibu na mitungi mipya ya togwa, hatoki. Abrahamu alikuwa amejiburuza na magongo yake mpaka mwanzo wa shamba. Maduhu na Watson walikuwa wamekwisha kuanza, wanazungusha tunda moja moja, hawavuti.

Sauti ndiyo iliyotangulia. "Njia yenyewe inateleza, umande mpaka magotini, halafu mtu anaona haya! Atupele! Toka nje nikuone!" Tulinagwe akatokea ndani ya ukungu na kikapu kichwani, na nyuma yake Nikodemo, na nyuma ya Nikodemo mzee aliyecheka hadi akakohoa, na wakwe zake, na wanawake wawili wa kwaya. Atupele akatoka jikoni. Yeye na Tulinagwe wakatazamana, kisha Tulinagwe akamsukuma bega, naye Atupele akamsukuma, wakaanza kugombana kwa Kinyiha juu ya nani achukue mstari gani, na ilikuwa furaha tupu.

Hawakuja wote. Vijana wa kibanda cha kinyozi hawakuonekana, na yule aliyemwaga kikombe alipita njiani na ng'ombe wake bila kugeuza shingo. Hawakufika hata nusu ya watu wa mwaka uliopita. Walichuma hadi jua likapoa, wakakaa kuzunguka mtungi, wakala maharage, wakanywa togwa wakitaniana kwa nyuso walizokunja. "Hii bado haijaota meno," mzee mmoja akasema, lakini alinyoosha kikombe tena. Watson akawafundisha wimbo wa Kibemba. Kazi ilikuwa haijaisha. Kesho yake asubuhi, bila kibuyu na bila kuitwa, Tulinagwe na wale wa kwaya wakarudi.

Jumamosi jioni kilichobaki kilikuwa kipande cha bondeni. Matunda yake yalikuwa yamekwisha kusinyaa. Yangekuwa mabuni tu. Abrahamu akawaita vijana barazani. Atupele akaja pia, akasimama mlangoni mahali palepale.

"Nilisema kahawa ikitoka shambani," Abrahamu akaanza. "Kipande cha bondeni hakikutoka."

"Ni kweli, baba," Maduhu akasema.

"Na wewe uliniahidi."

"Sikuwa na haki ya kukuahidi. Mungu hakunituma. Nilisema kwa kutaka mwenyewe, nikakuingiza wewe na mama kwenye hatari. Naomba unisamehe. Ukisema tusirudi, haturudi. Ila mama usimhukumu kwa mdomo wangu."

Abrahamu akajikuna ukingo wa hogo. Alikuwa mtu wa kelele lakini hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililokuwa linamsumbua.

"Mwaka jana," akasema kwa shida, "tukiwa na kimpumu mapipa matatu, kipande cha bondeni pia kilibaki. Walilewa mapema mno." Atupele akafunika mdomo kwa kanga. "Ada imo. Mama Goodness, nenda kwenye maji yako."

Atupele hakupiga kigelegele. Machozi yalimtoka tu, akayaacha. Maduhu naye akalia, wala hakujificha; alikuwa amekuja nyumba hii kuwaonyesha Mungu, na ilionekana Mungu alikuwa amekaa hapa muda mrefu, anamsubiri yeye afike.

"Ijumaa ijayo, mama?" akauliza alipoweza. "Ndugu Luka, kiongozi wetu wa Tunduma, anaweza kuja."

"Ijumaa ni zamu ya Nikodemo."

"Kwao kutakuwa na pombe," Maduhu akasema kwa uangalifu.

"Kutakuwa. Chungu watakaa nacho wao, mimi nitachuma." Akajifuta uso. "Basi iwe mapema, kabla watu hawajaingia shambani. Zamu ya mtu siikosi."

*

Mto wa chini ya kijiji mwezi wa Julai ni wa kung'atwa na baridi. Luka na vijana walikuwa wamepanda lori la mahindi toka Tunduma, wakafika nyota zikiwa bado juu. Maduhu aliingia wa kwanza ndani ya maji akiwa na nguo nyeupe, meno yanagongana, akampa Atupele mkono. Akanyanyua mkono wa kulia, akasema maneno yaliyoamriwa, machache, yasiyo na ahadi yake yoyote ndani yake, akamzamisha, akamwinua. Atupele alitoka akihema, akapiga kelele, "Yesu wangu, baridi!" Watson akamfunika kanga huku anacheka.

Hakungoja hata chai ya mchaichai aliyoileta Luka. Alibadili nguo nyuma ya kichaka, akachukua kikapu, akapanda kilima karibu kukimbia, na vijana wakamfuata kwa mbali. Jua lilikuwa limekwisha kutoka. Kwa Nikodemo watu walikuwa wengi, hata wale wa kibanda cha kinyozi, na ukingoni mwa shamba chungu cha kimpumu kilikuwa kimefunikwa majani ya mgomba. Kila mtu alikuwa kwenye mstari wake. Walimwona anakuja, nywele zimelowa, maji yanamchuruzika shingoni, na mikono ikasimama kwenye matawi. Atupele naye akasimama. Aliyechelewa zamu, mstari wake hugawiwa wengine, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Tulinagwe alitoka kwenye miti. Akamfikia, akamtazama kichwa. Akafungua kanga yake ya juu, akaanza kumkausha nywele, kwa nguvu, kama mama anavyomkausha mtoto aliyenyeshewa.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, dada."

"Mstari wako ni ule pale." Akaonyesha kwa kidevu. Katikati ya watu wote palikuwa na safu nzima ya miti, nyekundu toka juu mpaka bondeni, ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa. "Ingia. Jua halikusubiri."